Mazishi Yangu Yalikuwa Yamelipiwa

Jumanne moja kliniki, mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja alimwuliza sista kuhusu binti yake wa miaka minane: "Dawa hii ataimaliza lini?" Sista akamjibu kwamba insulini haimalizwi, ni ya maisha. Yule mama akatabasamu kama mtu aliyetajiwa bei ya kwanza sokoni na anajua itashuka. Akauliza tena: sawa, si mwezi huu, lakini kwa kukadiria tu?

Nilitaka kumwambia kitu nikashindwa. Watu nisiowajua huwa siwezi kuwasemesha, ulimi unaganda na viganja vinatoka jasho. Ninachoweza ni kuandika. Kwa hiyo haya ndiyo niliyotaka kumwambia yule mama, nimeyatoa kwenye daftari zangu na kuyanyoosha kidogo. Siandiki ili nihurumiwe. Huruma nimeshapewa nyingi, na sijaona duka la dawa linaloipokea.

Naitwa Sauda, nina miaka kumi na saba, niko senior three, yaani kidato cha tatu, hapa Jinja. Ugonjwa ulinikuta Mbale kwa Baba, ambaye alikuwa askari magereza na sasa anauza spea za pikipiki. Yeye na Mama waliachana zamani. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zinanyesha, mlima wa huko umejificha mawinguni wiki nzima, na mimi nakunywa maji kama ng'ombe wa mnadani. Nilikuwa nakwenda chooni kwenye mvua mpaka kandambili zangu zikaota ukungu. Sketi ya shule ilianza kuzunguka kiunoni. Niliikaza kwa pini moja, halafu mbili.

Senga, yaani dada ya Baba aliyekuwa akikaa nasi, aliona pini na akafanya uchunguzi wake. Akaamua nina mimba. Aliniburuta hadi zahanati moja ya uchochoroni kupimwa mkojo, njia nzima ananiuliza ni mvulana gani, na mimi hata mvulana wa kumsalimia sikuwa naye. Aliyepima mkojo akasema mimba haipo ila sukari ipo, nyingi, na nikimbizwe hospitali sasa hivi. Naweza kusema umbeya wa Senga ndio ulioniokoa. Sijawahi kumshukuru, na leo pia simshukuru.

Nilichoka kiasi kwamba siku mbili za kwanza wodini siwezi kuzisimulia. Nakumbuka ya tatu, kwa sababu Baba alikuja na chupa ya kwanza ya insulini aliyoinunua mwenyewe. Aliishika juu kwenye mwanga wa dirisha, akaipiga picha, halafu akanipiga mimi na dripu yangu, akazituma zote kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Michango ikamiminika. Ndugu wa Kenya, ndugu wa Kampala, hata wale ambao hawasalimiani na Baba walituma ili wasionekane hawakutuma. Mama alipokuja kupiga hesabu baadaye, aliona zile pesa zingenichoma sindano mwaka mzima wa shule na kubaki.

Nilipotoka hospitali, Baba akafanya dua ya shukrani. Mahema mawili, mbuzi watatu, masheikh, mchele wa gunia. Nilimsikia akimweleza Senga sababu: "Watu wametoa. Lazima waione pesa yao." Waliiona, na wakaila. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye hema la wanawake na ratiba yangu mpya ya chakula mfukoni, kila anayepita ananisukumia sahani ya pilau na kuniambia kula mwanangu, si umepona. Sheikh aliomba nipone kabisa, wote wakaitikia amina na mafuta ya mbuzi midomoni. Baba alikuwa amevaa kanzu mpya. Baada ya kurudisha mahema, pesa iliyobaki ilitosha chupa mbili.

Chupa hizo zilipokwisha nilimwambia Baba. Akashangaa, na hakuwa anatania. "Lakini si ulishaombewa dua?"

Msinielewe vibaya, dua ninaiamini. Baba ndiye nisiyemwamini. Ni mtu anayelipa vitu vinavyoonekana. Chupa ndogo ya kununuliwa tena na tena, ambayo hakuna wa kuipigia makofi, haimfai. Januari nikafunga virago nikaja Nalufenya, mtaa wa hapa Jinja, kwa Mama.

Mama anauza nguo za mitumba za watoto sokoni. Chupa moja ni faida yake ya siku tatu, siku nzuri, siyo za mvua. Vijiti vya kupimia sukari ndivyo vinavyotuumiza zaidi, kwa sababu dawa mara nyingine kituo cha serikali kinatoa bure, lakini vijiti havipo kamwe. Na dawa ya bure nayo ni kama jamaa wa mbali, huwezi kujua lini itakuja. Jumanne unafika mapema, unakaa kwenye benchi, benchi linasogea, unasogea nalo, saa sita sista anatoka na uso ule wa dawa hakuna. Uso tu unatosha. Watu wanaanza kunyanyuka kabla hajafungua mdomo. Sista mwenyewe simlaumu. Mara moja alinipa vijiti vitano kutoka kwenye mkoba wake, akaniambia nisimshukuru mbele za watu.

Jumanne nyingine alikuja bwana mmoja mwenye tai kutufundisha wagonjwa kupanga matumizi. Alituambia tuweke akiba. Alituambia tule samaki, mboga, na matunda kwa kiasi. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akamwuliza, "Bwana, hiyo akiba tuikate kwenye samaki au kwenye matunda?" Yule bwana akasema swali zuri, akaendelea na karatasi yake.

Friji hatuna. Mwanzoni Mama alimpa jirani chupa yangu amtunzie kwenye lake. Jirani akaiweka juu kabisa kwenye barafu, karibu na nyama, na tulipoifuata ilikuwa jiwe. Akatuambia kwa fahari kwamba ameitafutia mahali pa baridi kuliko pote. Insulini iliyoganda ni ya kutupa. Siku tatu za sokoni zikaingia jalalani na tukalazimika kumwambia asante. Sasa dawa yangu inakaa kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kwenye kona isiyopigwa jua. Sista alitufundisha. Jirani hupita na kutucheka, eti tunapika sindano.

Mwili wangu nao ulikuwa na mambo yake. Mapaja yalitoa vinundu pale nilipochoma mahali pamoja kwa uvivu. Ncha za vidole zikawa kama za fundi viatu. Nilinenepa tena, na wasichana darasani waliokuwa wananisengenya kwamba nina ukimwi sasa wakasema nimepata mtu wa kunilisha. Niliwaandika kwenye daftari, mmoja mmoja, kwa majina.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu nimewasema wengine vya kutosha.

Ramadhani ilipokaribia, sista aliniambia nisifunge, na ustadhi wa madrasa alisema vilevile, mgonjwa ana ruhusa. Mama akakazia. Mimi nikaitikia ndiyo, huku kichwani napiga hesabu yangu. Nilijiambia kwamba nisipokula mchana, sukari itatoka wapi? Kama sukari haipo, sindano ya asubuhi ya nini? Kwa hiyo nikifunga siri mwezi mzima, chupa itadumu karibu mara mbili. Niliona nimegundua kitu ambacho madaktari wote hawakukiona. Mama alidhani nakula shuleni. Nilimwonyesha chupa siku ya kumi na akafurahi jinsi inavyodumu, akasema Mungu ameitia baraka. Nilijisikia mtu mzima, msaada wa nyumba.

Siku ya kumi na nne nilitapika darasani kwenye somo la hesabu, ndiyo, hesabu, na sikuamka vizuri mpaka siku mbili baadaye. Kulazwa kule kuligharimu yote niliyokuwa nimeokoa, na zaidi ya hapo. Wewe unayesoma na una chupa mkononi, usiibanie. Mwili wako hutoa sukari hata usipokula, hauna Ramadhani ya insulini. Kama imepungua sema mapema, hata kama kusema kunakuua kwa aibu, maana kutosema kunakuua kweli.

Nilipoanza kusikia tena, nilisikia sauti za wanawake upande wa pili wa pazia. Walikuwa wa kikundi cha Mama cha kuzikana, kile ambacho watu hapa wanakiita munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida. Kila wiki kila mwanamke analipia majina ya watu wa nyumba yake, na mtu akifa kikundi kinaleta mahema, mchele, mkaa na sanda. Walikuwa wamekuja kunijulia hali. Nilitulia na macho yangu nimeyafumba.

"Mahema yako wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Hajati Nusura, mwenyekiti.

"Yako Budondo, kwa yule mzee wa juzi. Leo wako siku ya tatu ya matanga."

"Na sufuria kubwa?"

"Huko huko. Lakini ina tundu."

"Mtu atume boda zirudi leo. Msiba uliopita tuliaibika, sitaki tena."

Nikakohoa. Pazia likafunguka na Hajati akaniinamia, marashi yake yote usoni kwangu. "Subhanallah, mwanangu," akasema. "Tulikuwa tunakuombea."

Nilipomsimulia Mama, hakucheka. Nilipoondoka hospitali tulikuwa na chupa moja, nayo nusu, na faida yote ya msimu wa Idi, ambao ndio msimu wa nguo za watoto, ilikuwa imekwisha wodini. Baba alipigiwa simu. Aliuliza kama nimepigwa picha. Basi jioni moja Mama anakunja vigauni akaniambia: "Unajua wewe nimekulipia tangu unanyonya? Kila wiki. Sijawahi kuruka hata moja." Akanitajia fungu ambalo kikundi kingetoa siku nikifa. Nililigawanya kwa bei ya chupa na vijiti. Lilitosha kunichoma mpaka nimalize senior four.

Jumapili ya pili baada ya Idi tulikwenda mkutanoni, uani kwa Hajati. Nilikwenda kwa sababu Mama alisema nisipokuja hatathubutu. Kikundi kile kina sheria kuliko bunge. Kuchelewa faini, simu kulia faini, kunong'ona faini. Wakasoma majina, wakakusanya, wakagombana kuhusu sufuria yenye tundu. Halafu Mama akasimama akasema anaomba fungu la Sauda.

Hajati akavua miwani. "La mazishi?"

"La mazishi."

"Kwani amekufa?"

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Wakacheka wote, na Mama akangoja wamalize. Akaeleza kila kitu, chupa, vijiti, wodi. Alisema haombi zawadi wala mkopo, ni pesa aliyolipa mwenyewe kwa jina la mwanawe, na anataka mwanawe aile.

"Mama Sauda," Hajati akasema, taratibu kama anayemfundisha mtoto, "fungu halimtangulii maiti. Hiki ni kikundi cha kuzikana. Wa kuuguzwa wana ndugu zao." Mwanamke mmoja akadakia kwamba huko ni kumtabiria mtoto kifo. Mwingine akauliza nikila fungu sasa halafu nife mwezi ujao itakuwaje, watachanga mara mbili? Wengi wakasema hapo ndipo penyewe.

Mama anauza sokoni. Nimemwona akimfukuza mkusanya ushuru kwa maneno tu. Lakini pale maneno yalimwishia. Aliangalia viatu vyake, na nikaona anaanza kukaa, na nikajua akikaa imekwisha, tutarudi nyumbani na chupa nusu na kungoja.

Sijui nilisimamaje. Nilianza kusema, sauti ikatoka chini kabisa, na katibu akaandika faini ya kunong'ona.

"Nikifa mtanizika bure," nikarudia, safari hii nikasikika.

Hajati akauliza nani kaniambia hivyo.

"Ustadhi. Kumzika Muislamu ni faradhi kifaya. Nikilala hapo bila kuzikwa dhambi ni ya mtaa mzima, na wewe ukiwemo, Hajati. Hakusema kwanza niwe nimelipa za wiki."

Mikono yangu ilikuwa inatiririka jasho, nikaifuta kwenye gauni na kuendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena.

"Sanda Mama ataleta. Kaburi vijana wa msikiti wanachimba, hawalipwi. Sasa pesa yote ile ni ya nini? Ni ya wali. Na wali mtaula ninyi, mimi sitakuwepo. Naomba siku hiyo mle kidogo, mniachie niishi."

Halafu mwanamke mmoja mnene wa pembeni, anayeuza mkaa, akaanza kucheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Hajati, mtoto kasema. Mimi vidonge vya presha vimenishinda kununua, na fungu langu limekaa hapo linaningoja nife. Linanitazama."

Ubishi uliofuata ulikula saa nzima na faini nyingi. Sitaki mdhani mioyo ililainika. Wengine waliinua mikono kwa sababu waliona na wao wana vidonge, wengine kwa sababu jua lilikuwa linawachoma, na Hajati kwa sababu lile neno dhambi mbele ya watu lilimkaa vibaya. Lakini mikono ilihesabiwa na ikatosha. Wakaweka masharti: fungu litoke kidogo kidogo kila mwezi, risiti ya duka la dawa irudishwe, na siku nitakayokufa wasidaiwe hata punje ya mchele. Mama akakubali yote. Mimi pia, la mchele nikalikubali kwa furaha.

Kwa hiyo mama wa benchi, kama utasoma haya: dawa haiishi, wala usimsumbue sista akukadirie. Ndugu wakitaka kuchanga, usikubali zije zote siku moja kwa mwanamume mwenye kanzu mpya. Mwambie kila mmoja achague mwezi wake, anunue chupa moja, akukabidhi chupa yenyewe. Kila mwezi kikundi kinaponinunulia dawa, Mama anaweka pembeni faida ya zile siku tatu, na haiguswi hata karo ikidaiwa. Chungu changu sasa kina chupa ya matumizi na tatu zisizofunguliwa. Kituo kikikauka, kikauke. Sista akitoka na uso ule, siku hizi nautazama vizuri, naona hata yeye amechoka. Fungu langu litakwisha nikiwa nafanya mitihani ya mwisho, kama bei haitapanda, na baada ya hapo sijui. Mama anasema tutafikiri tukiwa na tatu kwenye chungu, si tukiwa na nusu. Muulize pia mtoto wako kama anabania dawa. Muulize kwa upole, atakudanganya mara ya kwanza.

Mahindi mabichi yameanza kuchomwa barabarani, na mimi siku hizi najua nile kipande gani. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nakwenda kwa Hajati kuchukua pesa yangu. Hakuna aliyejisumbua kubadilisha kitabu. Cha malipo kimepigwa mistari zamani, na nafasi zake ni jina la marehemu, siku aliyofariki, na aliyepokea. Katibu ananiandika kwenye marehemu. Kwenye siku anapiga kistari. Halafu ananigeuzia kitabu, na pale kwa aliyepokea natia sahihi mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilikuwa naandika polepole, jina lote, na la ukoo. Hajati alikuwa amenyoosha mkono anangoja.

"Fanya haraka, marehemu," akasema. "Hiyo kalamu ni ya kikundi."